Chama cha Whig kilikufaje pasipo mtu kukifuta?

Swali la msomaji: "Nimesoma kwamba Abraham Lincoln alikuwa mwana-Whig kwa zaidi ya miaka 20 kabla ya kuingia Republican. Chama hicho kilitoa marais, kilikuwa na wabunge Kaskazini na Kusini, halafu ghafla hakipo. Je, kilipigwa marufuku? Ni utumwa peke yake uliokiua? Na nikiandika insha, niweke mwaka gani kuwa ndio mwisho wake?"

Hakikupigwa marufuku, na hakuna mkutano uliopiga kura ya kukivunja. Utumwa ulikipasua, hilo ni kweli, lakini ugomvi wa utumwa ulikuwa ndani ya chama hicho tangu siku ya kwanza, nacho kiliishi nao miaka 20. Kinachotakiwa kuelezwa ni kwa nini mwaka 1854 ufa ule ule wa siku zote uliangusha nyumba nzima.

Kwanza lazima tuelewe chama kilikuwa kitu gani siku zile. Msomaji wa Dar es Salaam au Nairobi anajua chama kuwa ni kitu cha kisheria: kina cheti cha usajili, kina msajili anayeweza kukifuta, na tume ya uchaguzi ndiyo inayochapa karatasi za kura. Marekani ya wakati huo haikuwa na msajili wala tume, na serikali haikuchapa karatasi ya kura. Kazi hiyo ilifanywa na chama chenyewe. Gazeti la chama mjini lilichapa orodha ya wagombea wake wote, kuanzia wajumbe wa kumchagua rais hadi mkuu wa polisi wa wilaya. Orodha hiyo iliitwa tiketi. Siku ya uchaguzi mawakala walisimama karibu na kituo wakizigawa, na mpiga kura akachukua tiketi ya chama chake na kuitumbukiza katika sanduku. Asiyempenda mgombea mmoja alikata jina lake kwa kalamu. Katika majimbo kama Virginia na Kentucky hata karatasi haikuwepo, mtu alitaja kwa sauti anayemchagua. Karatasi za kura zinazochapwa na serikali zilianza kuenea kuanzia mwaka 1888, Whig ikiwa imeshasahaulika.

Maana yake ni kwamba kuanzisha chama kipya kulihitaji mashine ya kuchapia, karatasi, na watu wa kuzigawa. Kukihama chama cha zamani kulihitaji tu mhariri wa gazeti kubadilisha kichwa cha tiketi. Weka hilo akilini, kwa sababu bila hilo kasi ya mwaka 1854 haieleweki.

Whig ilizaliwa kwa hasira dhidi ya mtu mmoja, Rais Andrew Jackson. Julai 1832 Jackson alitumia kura ya turufu kuukataa muswada wa kuiongezea muda Benki ya Marekani, na mwaka uliofuata akaamuru fedha za serikali zisiwekwe tena humo. Waziri wake wa fedha alipokataa kutekeleza, akamfukuza na kumweka mwingine. Seneti ikapitisha azimio la kumlaumu Machi 1834, kura 26 kwa 20. Wapinzani wake walimwona kama mfalme anayejitengenezea kiti cha enzi, ndiyo maana wakajiita Whig: hilo ndilo jina la wale waliopinga nguvu za mfalme Uingereza, na lililobebwa na wazalendo wa Marekani wakati wa vita vya uhuru.

Waliokusanyika chini ya jina hilo hawakufanana. Walikuwepo wafuasi wa Henry Clay wa Kentucky, waliotaka benki ya taifa, ushuru mkubwa wa forodha wa kulinda viwanda, na fedha za serikali kujenga barabara na mifereji. Walikuwepo waliotoka chama cha kuupinga umoja wa siri wa Freemason, wengi wao wa New York na Pennsylvania, akiwemo William Seward na mpanga mikakati wake Thurlow Weed. Na walikuwepo watu wa Kusini, wengi wakiwa wenye watumwa, waliokasirishwa na Jackson kutishia kutumia jeshi dhidi ya South Carolina ilipokataa ushuru wa forodha mwaka 1832. Hawa wa mwisho hawakuipenda benki wala ushuru wa Clay. Walichokubaliana na wenzao ni kumchukia Jackson.

Mwaka 1836 hawakuweza hata kukubaliana juu ya mgombea mmoja. Walisimamisha William Henry Harrison katika majimbo mengi ya Kaskazini, Hugh Lawson White upande wa Kusini, na Daniel Webster huko Massachusetts. Martin Van Buren, mrithi wa Jackson, akashinda kwa kura 170 za wajumbe kati ya 294. Kisha uchumi ukawapa Whig kile ambacho mikutano yao haikuweza. Mei 1837 mabenki ya New York yalisimamisha kulipa dhahabu na fedha kwa noti zao, mtikisiko ukaenea nchi nzima, na Van Buren akabebeshwa lawama.

Mkutano mkuu wa Harrisburg, Desemba 1839, ndio uliotengeneza ushindi wa kwanza na balaa la kwanza kwa pamoja. Clay aliongoza raundi ya kwanza ya kura, lakini wakuu wa chama waliona ana maadui wengi, wakamteua Harrison, jenerali mzee. Ili kuwatuliza watu wa Kusini wakampa mgombea mwenza John Tyler wa Virginia, ambaye historia yake yote ilionyesha kwamba hapendi benki ya taifa. Mkutano haukutoa ilani. Gazeti moja la wapinzani lilipomkejeli Harrison kwamba angetosheka na kibanda cha magogo na pipa la pombe ya tofaa, Whig walikichukua kibanda hicho na kukifanya alama ya kampeni. Walikivuta kwa magurudumu mitaani, wakaimba, wakafanya maandamano ya maili nyingi. Karibu asilimia 80 ya wenye haki ya kupiga kura walijitokeza, na Harrison akapata kura 234 za wajumbe dhidi ya 60. Mabunge yote mawili ya Kongresi yakawa mikononi mwa Whig.

Harrison aliapishwa tarehe 4 Machi 1841 na kufariki tarehe 4 Aprili. Tyler akawa rais. Kongresi ilipitisha muswada wa benki, Tyler akautupa Agosti. Ikaurekebisha na kuupeleka tena, akautupa Septemba. Baraza la mawaziri likajiuzulu isipokuwa Webster, aliyebaki kumalizia mazungumzo ya mpaka na Uingereza, na siku mbili baadaye wabunge wa Whig wakamfukuza rais wao chamani. Hesabu hasara yake: chama kilichoshinda kila kitu Novemba, kufikia Septemba kilikuwa hakina rais, hakina benki, na hakina vyeo vya kugawa. Kugawa vyeo lilikuwa jambo kubwa kuliko linavyosikika, kwa sababu mabwana posta na maofisa wa forodha ndio waliokuwa watendaji wa chama wilayani, na mara nyingi bwana posta ndiye aliyekuwa mhariri wa gazeti.

Uchaguzi wa 1844 nautaja kwa sababu ya New York. Clay alimkabili James Polk wa Demokrati, chama cha Jackson, na suala lilikuwa kuiingiza Texas, nchi ya watumwa, katika muungano. Clay alianza kwa kupinga, kisha akaandika barua za kulainisha maneno ili kuwapoza watu wa Kusini. Barua zile zikasomwa Kaskazini pia. Chama kidogo cha Liberty, kilichopinga utumwa, kilipata kura zaidi ya 15,000 New York, na Polk akalitwaa jimbo hilo kwa tofauti ya kura kama 5,000 tu. New York ilikuwa na wajumbe 36, na bila wajumbe hao Polk asingekuwa rais. Huo ndio mtego uliomkabili kila kiongozi wa Whig tangu hapo: neno la kuokoa kura Alabama lilipoteza kura Ohio na New York.

Wasomaji wa pwani wana njia yao ya kuuelewa mtego huu. Merikani, kile kitambaa cha pamba kigumu kisichotiwa rangi, kiliitwa hivyo kwa sababu kililetwa Zanzibar na meli za Wamarekani, hasa wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts. Pamba ilivunwa na watumwa wa Kusini na kufumwa katika viwanda vya New England. Wenye viwanda wengi wa Massachusetts walikuwa wana-Whig, na hawakutaka ugomvi na mabwana waliowauzia pamba. Ndani ya chama hicho hicho, jimbo hilo hilo, walikuwepo vijana kama Charles Sumner walioona kwamba kukaa kimya ni kushiriki dhambi. Watu wakawaita hawa Whig wa dhamiri na wale Whig wa pamba. Kwa hiyo usiuchore mpasuko kama mstari mmoja kati ya Kaskazini na Kusini. Ulipita pia katikati ya Boston.

Vita vya Mexico, 1846 hadi 1848, vilifanya mtego uwe mkali zaidi. Whig walivipinga kwa maneno na kuvigharamia kwa kura. Januari 1848 Baraza la Wawakilishi, kwa kura 85 dhidi ya 81, lilitamka kwamba rais alivianzisha bila sababu na kinyume cha katiba. Miezi mitano baadaye chama hicho hicho kilimteua Zachary Taylor, jenerali wa vita hivyo hivyo, mwenye watumwa zaidi ya 100, mtu ambaye hakuwahi kupiga kura ya urais maishani. Ilani haikuandikwa. Ilikuwa mbinu, nayo ilifanya kazi: Kusini waliambiwa huyu ni mwenzenu, Kaskazini wakaambiwa hatatumia turufu kuwazuia. Akashinda kwa kura 163 kwa 127. Lakini Sumner na wenzake wa dhamiri walikwishahamia Free Soil, chama kilichopinga utumwa kuenea katika maeneo mapya.

Taylor naye akafa ofisini, tarehe 9 Julai 1850. Marais wawili tu waliwahi kuchaguliwa kwa tiketi ya Whig, na wote wawili wakafia Ikulu. Naibu wake, Millard Fillmore, aliunga mkono maafikiano ya 1850 kati ya Kaskazini na Kusini juu ya utumwa, na kutia saini sheria zake Septemba. California iliingia bila utumwa, na Kusini ikapewa sheria kali ya watumwa watoro. Chini ya sheria hiyo kamishna alilipwa dola 10 akimrudisha mtu utumwani na dola 5 akimwachia, na aliyemsaidia mtoro alikabili faini ya hadi dola 1,000 na kifungo cha hadi miezi 6. Mtu wa Boston aliyekuwa hajali mambo ya Kusini sasa aliona mtu akikamatwa mtaani kwake. Wana-Whig wengi wa Kaskazini walimchukia Fillmore kwa saini ile. Kwa wenzao wa Kusini, saini hiyo ndiyo iliyomfanya awe mtu pekee wa kuaminika.

Ukitaka kuuona ufa huo kwa tarakimu, tazama mkutano mkuu wa Baltimore, Juni 1852. Raundi ya kwanza: Fillmore 133, Jenerali Winfield Scott 131, Webster 29. Fillmore na Webster wote walisimamia maafikiano, na kura zao zikiunganishwa zilitosha kushinda. Hakuna aliyekubali kumpisha mwenzake. Raundi 53 zilipigwa hadi Scott akapita, akibebwa na Kaskazini, huku ilani ikiyakubali maafikiano ili kuiridhisha Kusini. Mgombea wa upande mmoja, ilani ya upande mwingine. Watu wa Kaskazini wakasema tunampenda mgombea, ilani tunaitemea mate. Vigogo wa Georgia kama Alexander Stephens na Robert Toombs wakakataa kumuunga mkono Scott, na maelfu katika jimbo lao wakampigia kura Webster, aliyekuwa amefariki siku tisa kabla ya uchaguzi. Clay alikwishafariki Juni. Scott alipata majimbo manne tu: Massachusetts, Vermont, Kentucky na Tennessee. Wajumbe 42 dhidi ya 254.

Hapa ndipo maelezo mengi hukosea, yakisema chama kilikufa usiku ule. Scott alipata asilimia 44 ya kura za wananchi. Chama chenye asilimia 44 hakijafa. Vyama vimeanguka vibaya kuliko hivyo na kuinuka baada ya miaka minne, mradi anayetaka kuiadhibu serikali asiwe na mahali pengine pa kwenda. Kilichoimaliza Whig ni kwamba serikali ilipokosea, mpiga kura alikuwa na mahali pengine.

Na mahali hapo palikuwa pawili. Kwanza zingatia kwamba hoja za zamani zilikuwa zimekauka. Wademokrati walipunguza ushuru mwaka 1846, Whig wakatabiri maafa, na maafa hayakuja: dhahabu ya California na reli mpya zilileta neema. Benki ya taifa haikumhangaisha mtu tena. Kilichowahangaisha wenyeji wa miji ya Kaskazini ni wahamiaji, karibu milioni 3 kati ya 1845 na 1854, wengi Wakatoliki wa Ireland na Ujerumani. Whig ndiyo iliyokuwa chama cha Waprotestanti wenyeji. Lakini Scott, mwaka 1852, alijaribu kuwabembeleza Wakatoliki. Waireland hawakuja, na wenyeji wakakasirika. Ukaibuka umoja wa siri ambao wanachama wake, wakiulizwa habari zake, walijibu hawajui kitu. Watu wakawaita hivyo hivyo, "Hatujui Kitu". Kwa kuwa ulikuwa wa siri, viongozi wa Whig hawakujua ni wafuasi wao wangapi walikwishaapa mpaka kura zilipohesabiwa.

Mlango wa pili ulifunguliwa na Stephen Douglas, Mdemokrati wa Illinois. Januari 1854 alileta muswada wa kuunda maeneo ya Kansas na Nebraska. Tangu 1820 sheria ilikataza utumwa kaskazini ya nyuzi 36 na dakika 30 katika ardhi ile. Na aliyesimama kudai katazo hilo lifutwe waziwazi alikuwa mwana-Whig, Seneta Archibald Dixon wa Kentucky. Hakutaka Wademokrati wa Kusini waonekane watetezi wa utumwa kuliko Whig. Muswada ulipita Baraza la Wawakilishi kwa kura 113 dhidi ya 100 na kutiwa saini tarehe 30 Mei. Wabunge wote wa Whig wa Kaskazini waliupinga. Wa Kusini wengi waliuunga mkono. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kwa mtu wa Ohio kukaa meza moja ya chama na mtu wa Georgia, hata kwa mkutano wa kuteua rais.

Hata hivyo Whig wa Kaskazini walitumaini, na tumaini lao lilikuwa na mantiki: Wademokrati wamekosea, sisi tulipinga, kwa hiyo kura ni zetu. Walisahau zile tiketi. Tarehe 6 Julai 1854, huko Jackson, Michigan, wapinzani wa muswada kutoka vyama vyote walikutana chini ya miti, wakateua orodha moja na kujiita Republican. Mdemokrati aliyekasirishwa na Douglas asingeweza kumeza neno Whig baada ya kulipigania vita miaka 20, lakini jina jipya aliweza. Massachusetts ilikwenda upande mwingine: Novemba Hatujui Kitu walitwaa ugavana, viti vyote vya seneti ya jimbo, na karibu viti vyote vya baraza la chini. Kulikuwa na majimbo mengine ambako jina Whig lilibaki juu ya tiketi, lakini walioichukua walikuwa wa viapo vingine. Kongresi iliyotokana na chaguzi hizo ilihitaji raundi 133 na takribani miezi miwili kumpata spika, Nathaniel Banks, Februari 1856.

Kisa cha Lincoln kinaonyesha gharama ya jina. Februari 1855 bunge la Illinois lilichagua seneta. Lincoln, mwana-Whig, alianza na kura 44, na Lyman Trumbull, Mdemokrati aliyempinga Douglas, alikuwa na 5. Zilihitajika 51. Wale watano hawakukubali kumchagua Whig yeyote. Mwishowe Lincoln aliwaambia watu wake wampigie Trumbull ili kiti kisiende kwa upande wa Douglas, na Trumbull akashinda kwa kura 51. Agosti mwaka huo Lincoln alimwandikia rafiki yake kwamba anadhani yeye ni Whig, ila watu wanamwambia hakuna Whig tena. Mwaka uliofuata alikuwa Republican. Seward na Weed waliishikilia New York mpaka Septemba 1855, mkutano wao na ule wa Republican ulipoitishwa mjini Syracuse wakati mmoja, na wajumbe wa Whig wakaenda kuungana na wenzao ukumbini mwao.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na programu ya Clay haikufa na chama chake. Ushuru mkubwa ulirudi 1861, msaada wa serikali kwa reli ya kufika Pasifiki ukaja 1862, mfumo wa benki za kitaifa 1863, yote yakisukumwa na wabunge wa Republican, wengi wao wana-Whig wa zamani, na saini mbili za mwisho ni za Lincoln.

Kuhusu mwaka wa kuandika: inategemea unapima nini. Uchaguzi wa mwisho wa urais wenye mgombea wake halisi ni 1852. Nguvu yake majimboni ilivunjika kati ya Julai 1854 na Septemba 1855. Mkutano wake wa mwisho wa kitaifa ulikaa Baltimore Septemba 1856, na haukuteua mtu wake. Ulimuunga mkono Fillmore, aliyekwisha kuteuliwa na chama cha American, ambalo ndilo jina la hadharani la Hatujui Kitu, naye akapata wajumbe 8 wa Maryland peke yao. Ukilazimika kuweka mwaka mmoja, andika 1856. Usiandike 1860, hata ukikutana na John Bell wa Tennessee na wazee wengine wa Whig katika uchaguzi huo. Walikuwa wamesimama kwa jina la chama kingine kipya, Constitutional Union, na majimbo waliyoshinda yalikuwa Virginia, Kentucky na Tennessee.